Auze mikarafuu mtoto aende mbio za magari?

Kijana wa Bububu: Asalaam alaykum wanabaraza. Kuna mzee wa Pemba, mwanawe ana miaka 11. Likizo alikwenda kwa ami yake Dubai, akapanda gokati, vile vigari vidogo vya mashindano, akawaacha wenyeji nyuma. Sasa baba mtu anataka kuuza mikarafuu ampeleke huko moja kwa moja. Miye nasema huu si mzigo wa mzazi, Serikali ijenge kiwanja cha gokati hapa Unguja. Lewis Hamilton, bingwa wa Formula 1, zile mbio kubwa za magari, alianza na miaka 8, timu ya McLaren wakamchukua ana 10. Sie je?

Fundi Tairi: Na miaka 10 alimwendea bosi wa McLaren akamwambia iko siku ataendesha gari zake. Kuchukuliwa ni 1998, ana 13. Nimefunga tairi kiwanja cha gokati ughaibuni miaka minne. Kile kigari hakina springi. Ekseli ya nyuma chuma kimoja, kwenye kona tairi ya ndani lazima inyanyuke kidogo, la sivyo gari inagoma kukata. Yuko mtoto analijua hilo kwa kiuno chake, hujamwambia kitu. Nimewaona wamevaa kinga ya mbavu na bado wanashuka wanalia. Lakini Formula 4, ngazi ya kwanza baada ya gokati, haingii mpaka atimize 15, kisha Formula 3, kisha Formula 2 ambako msimu mmoja unakula mamilioni ya yuro. Mikarafuu gani hiyo?

Mwana wa Mkoani: "Mikarafuu gani hiyo"? Maneno gani hayo! Hiyo hiyo imesomesha nusu ya mnaoandika hapa. Weye ushapanda mkarafuu alfajiri, tawi limerowa umande, chini wanakungoja na pishi?

Fundi Tairi: Yakhe, sikudharau karafuu. Nimepiga hesabu.

Bi Mkubwa wa Wete: Hesabu mmeipiga ya mtoto mmoja. Ndugu zake wanne wanakula nini?

Kijana wa Bububu: Bi Mkubwa, kwa heshima, baba yu hai na mali ni yake. Urithi haujafika. Wazazi wa Esteban Ocon, dereva Mfaransa, waliuza nyumba wakaishi kwenye karavani, mtoto akashinda mbio za Formula 1 za Hungary 2021.

Bi Mkubwa wa Wete: Huyo simjui. Ninalolijua ni kuwa Mtume (SAW) alikataa kumshuhudia mtu aliyempa mtoto mmoja akawaacha wengine. Hilo halingoji mtu afe.

Mwana wa Mkoani: Na mtuambie, ni miti ya urithi au ya eka tatu walizogaiwa watu na Serikali baada ya Mapinduzi? Eka hukupewa uuze. Na hata ya urithi, kwetu mti na ardhi ni vitu viwili, unaweza kununua mkarafuu ukaambiwa njia ya kuufikia si yako. Kesi za hivyo tumezikuta kwa masheha tangu tuko wadogo.

Kijana wa Bububu: Jamani, nimeuliza kiwanja.

Mwana wa Mkoani: Umeanza na mikarafuu mwenyewe.

Fundi Tairi: Mzee asimwite dalali kwanza. Amrudishe mtoto kwa ami yake likizo mbili tatu, ashindane na watoto wenye saa za kutosha kiwanjani. Siku moja ya kuwapita wenyeji si kipimo.

Bi Mkubwa wa Wete: Huyo mzee namjua, ni mtu mwema na mwanawe anampenda. Lakini msimu uliopita nilikuwa ukumbini kwake. Taa ya chemli, jamvi limejaa, dada wawili wa huyo mtoto wanachambua makonyo mpaka vidole vyeusi, saa sita ya usiku, na asubuhi skuli. Hao kawauliza?

Kijana wa Bububu: Sijui kama kawauliza.

Bi Mkubwa wa Wete: Hajawauliza. Nimetoka kwao jana.