Nyama choma imelala mezani usiku kucha: je, tukiichemsha itakuwa salama?

Mama wa Umoja, Nairobi, aliuliza:

Hamjambo nyote. Jana Jumapili tulikuwa na shughuli ya familia, tukanunua mbuzi mzima sokoni Kiamaiko na kumchoma uani. Wageni walipoondoka saa kumi na moja jioni, ilikuwa imebaki karibu kilo tatu: mguu mmoja ambao haukukatwa kabisa, na vipande vilivyokuwa kwenye ubao ambavyo kila mtu alikuwa akivichukua kwa mkono. Kwa sababu ya uchovu nilitia vyote kwenye sufuria kubwa, nikafunika, nikaiacha juu ya meza ya jikoni hadi asubuhi. Nimefunua sasa hivi: matone ya maji yamejaa chini ya kifuniko, mafuta yameganda meupe pembeni, na harufu ni ya nyama choma tu. Shemeji yangu anasema kwamba nyama iliyopita motoni haiwezi kuharibika kwa usiku mmoja wa baridi ya Julai, na kwamba tukiichemsha nusu saa itakuwa sawa. Ninaishi na mama mkwe ambaye ni mzee, na nina mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo ninasita. Bei ya nyama mnaijua, na kuitupa kunaniuma sana.

Afisa wa afya, Makadara, alijibu:

Dada, ninakusihi uitupe yote, pamoja na ule mguu, na usimpe hata mbwa. Ninajua uchungu wa kumwaga kilo tatu za mbuzi, lakini nyama hiyo imekaa zaidi ya saa kumi na mbili nje ya friji, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Bakteria huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za selsiasi, na jikoni, hata Julai, hakuna baridi inayofikia nyuzi 5. Isitoshe, umeifunika ikiwa na joto lake. Matone uliyoyaona chini ya kifuniko ni mvuke uliokosa pa kutokea.

Shemeji yako anakosea mahali ambapo wengi wetu hukosea, nami ningependa nilieleze hili kwa utulivu. Kuchemsha huua bakteria wenyewe, lakini baadhi yao huwa wamekwisha kuacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiharibiwi na maji yanayochemka. Staphylococcus aureus, ambaye huishi puani na kwenye ngozi ya watu wenye afya kabisa, ni wa namna hiyo, na njia yake kuu ya kufika kwenye chakula ni mikono. Fikiria sasa ule ubao wenu na mikono yote iliyoupitia mchana kutwa. Harufu nayo haisaidii kuamua, kwa sababu bakteria wanaoozesha nyama na wale wanaowaumiza watu tumboni si lazima wawe wale wale.

Mchomaji wa soko la Burma, Nairobi, aliandika:

Nimechoma nyama kwa miaka mingi, na ninakubaliana na afisa. Nitaongeza yale ya kazi yangu. Ukiona kwamba nyama itabaki, usisubiri wageni waondoke. Weka kando kipande ambacho bado hakijakatwa, kikiwa kwenye chombo chake safi, mara tu kinapotoka kwenye makaa, na ukikate mwenyewe kwa kisu na ubao uliooshwa, si ule uliotumiwa kwa nyama mbichi. Mguu mzima ukiutia kwenye friji hivyo ulivyo, nje utapoa na karibu na mfupa utabaki na joto kwa muda mrefu, kwa hiyo utoe mfupa, ukate minofu myembamba na uitandaze kwenye vyombo vyenye kina kifupi. Kachumbari isihifadhiwe pamoja na nyama, kwa sababu ni mbichi na imejaa maji. Mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu, mimi huwaambia wateja waule wakiwa hapa hapa, wasiubebe.

Anayenunua kwetu na anataka kubeba aje na chombo chenye kifuniko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, wengine hufungiwa nyama kwenye gazeti, na wino wa gazeti si kitu cha kula.

Kupasha nyama tena pia kuna ufundi wake. Ukiirudisha moja kwa moja juu ya makaa, itaungua nje kabla ya ndani kupata moto, na itakuwa kama ngozi ya kiatu. Tia vipande kwenye sufuria pamoja na maji kidogo au supu, funika, acha mvuke uifikie yote, ukigeuza mara mbili tatu. Ikishatokota vizuri, ndipo uipitishe kwenye makaa dakika moja ili ile ladha ya moshi irudi. Pasha kiasi mtakachokula tu. Iliyopashwa isirudi tena kwenye friji.

Mkazi wa Kasarani aliandika:

Sisi tulikosea kwa namna nyingine. Tulitoka na nyama kwenye sherehe huko Machakos, ikiwa ya moto, imeshindiliwa kwenye beseni lenye kifuniko, na foleni ya Barabara ya Mombasa ikatuweka hadi usiku. Tuliliingiza beseni zima kwenye friji tukidhani tumefanya vyema. Kesho yake nilipochimba katikati kwa kijiko, bado kulikuwa na uvuguvugu. Tulipasha juu juu tukala, na kabla ya siku kuisha watu watatu walikuwa wakihara na kushikwa na msokoto wa tumbo, akiwemo dada yangu aliyekuwa mjamzito. Tangu siku hiyo sishindilii nyama ya moto kwenye chombo kirefu.

Mama wa Umoja aliandika tena:

Asanteni kwa dhati. Nimeitupa, na shemeji amesoma majibu yenu. Nina maswali mawili ya kumalizia: nikiihifadhi ipasavyo, itakaa siku ngapi? Na stima ikipotea, kama inavyopotea huku kwetu, nifanyeje?

Afisa wa afya, Makadara, alijibu:

Kwenye friji yenye nyuzi zisizozidi 4, itakaa siku tatu au nne. Ukijua hamtaimaliza, igandishe siku hiyo hiyo kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha uiyeyushe ndani ya friji, si juu ya meza. Unapoipasha, katikati ya kipande pafike nyuzi 74. Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 94 au 95, kwa hiyo sufuria inayotokota inatosha, mradi vipande ni vidogo. Stima ikipotea, usifungue mlango wa friji; ikibaki imefungwa hushikilia baridi kwa takriban saa nne. Ikipita hapo, nyama iliyokwisha kupikwa isiliwe. Friza iliyojaa huweza kustahimili siku mbili, na iliyojaa nusu siku moja.