Naombeni ushauri: mtoto anajua kutafuta KDS na KKS, ila hajui itumike ipi

Habari za leo wakuu. Nina binti yupo darasa la sita. Ukimpa 12 na 18 atafute KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo zaidi inayogawanyika kwa zote mbili), anachora mstari wake vizuri, anagawanya kwa 2, kwa 2 tena, kwa 3, kwa 3, anazidisha anapata 36. KKS nayo (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa zaidi inayozigawanya zote mbili) anachukua 2 na 3 zilizogawanya namba zote mbili, anapata 6. Hapo sina shida naye.

Shida ni mafumbo. Juzi nimempa hili: kengele moja hulia kila baada ya dakika 12, nyingine kila baada ya dakika 18. Zimelia pamoja saa 2:00 asubuhi, zitalia tena pamoja saa ngapi? Akajibu saa 2:06! Namuuliza, ya dakika 12 italiaje baada ya dakika 6? Kimya, anafuta.

Mwalimu wa tuisheni kawakaririsha kwamba wakiona "kubwa zaidi" ni KKS na "ndogo zaidi" ni KDS. Sasa fumbo la kengele halina hata neno moja kati ya hayo. Binafsi ukariri wa namna hii siupendi.

Nimewaza nimwandikishe tu 12, 24, 36 na 18, 36 mpaka aone zinapokutana, ila naogopa kumchanganya na njia ya shuleni. Walimu na wazazi mliopitia hili, mnaanzia wapi? Na vigawo mnamwonyesha kwa vitu gani vya kushika?