Acheni kuwaambia wanaonyonyesha kwamba maziwa yao hayatoshi

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Tangu nijifungue, kila anayeingia nyumbani kumwona mtoto huanza kwa kumsifu, huomba ampakate kidogo, na mtoto akilia tu hukumu hutolewa palepale: "Huyu ana njaa. Maziwa yako hayamtoshi." Msemaji hajamwona mtoto akinyonya, hajui ana uzito gani, hajui amelowesha nepi ngapi tangu asubuhi, na usiku ukiingia hatakuwapo. Huaga akiwa ameridhika kwamba amesaidia, nami hubaki nimemkumbatia mwanangu nikijiuliza kama kweli ninamshindisha na njaa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno tu, na kwamba mzazi mwenye busara huyapuuza. Sikubaliani nao hata kidogo. Mama aliyejifungua karibuni, ambaye hajalala vya kutosha na ambaye mwili wake bado unauma, hana uwezo wa kulipuuza neno linalorudiwa kila siku na watu anaowaheshimu. Mwishowe huliamini. Akishaliamini, humwongezea mtoto maziwa ya kopo ama maji. Mtoto aliyeshibishwa kwa chupa hanyonyi kwa hamu. Titi lisiponyonywa mara kwa mara hupunguza kutengeneza maziwa. Na baada ya wiki chache maziwa huwa yamepungua kweli. Ndipo walewale hurudi na kusema, "Si tulikwambia?" Hamkutabiri jambo lolote. Mlilisababisha.

Utaratibu wenyewe si siri, na mkunga yeyote anaweza kuueleza. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama huachilia homoni mbili: prolaktini, inayoyafanya matiti yatengeneze maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma maziwa yaliyokwisha kutengenezwa yatoke. Prolaktini huwa nyingi zaidi usiku, kwa hiyo kule kuamka usiku wa manane, ambako wageni wetu hudai ni dalili ya njaa, ndiko kunakosaidia maziwa yasipungue. Oksitosini nayo huzuiliwa na hofu, maumivu na aibu. Mama akitiwa wasiwasi mbele za watu, maziwa huchelewa kushuka, mtoto huvuta asipate, hukasirika, huliachia titi na kulia kwa nguvu zaidi. Na yule yule aliyemtia mama wasiwasi hukichukua kilio hicho kuwa ushahidi wake. Huo ni uonevu, hata kama haukukusudiwa.

Kama kweli mnataka kujua iwapo mtoto anashiba, zipo alama za kuaminika. Tazameni nepi: kuanzia karibu siku ya tano ya maisha yake, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa mchana na usiku. Tazameni kadi ya kliniki: ni kawaida kwa kichanga kupoteza sehemu ya uzito wake katika siku za mwanzo, kwa kawaida chini ya asilimia 10, kisha kuurudisha kufikia karibu mwisho wa wiki ya pili na kuendelea kupanda. Matiti kuwa laini baada ya wiki kadhaa si dalili ya kukauka, bali ni kwamba yamekwisha kuyazoea mahitaji ya mtoto. Ni kweli kwamba maziwa ya baadhi ya kina mama huwa machache, na kwamba wapo watoto wanaoshindwa kulishika titi vizuri, na mama wa namna hiyo anahitaji msaada wa haraka bila kulaumiwa. Lakini tatizo hilo hugunduliwa kwa mizani na kwa kumwangalia mtoto anavyonyonya, wala haligunduliwi na mtu aliyeketi sebuleni kwa nusu saa.

Kuhusu kilio chenyewe, daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha mwaka 1962 matokeo ya kuwafuatilia vichanga wenye afya njema ambao mama zao walikuwa wakiandika kila siku muda waliolia. Kilio kiliongezeka wiki hadi wiki, kikafikia kilele karibu na wiki ya sita kwa kiasi cha karibu saa tatu kwa siku, kisha kikapungua katika wiki zilizofuata. Na sehemu kubwa ya kilio hicho ilikuwa ya jioni. Hao walikuwa watoto wazima, walioshiba. Sasa angalieni watu huja lini kumwona mtoto: jioni, baada ya kazi, katika wiki hizohizo za mwanzo. Mgeni humkuta mtoto katika saa ngumu kuliko zote za siku yake, na huenda katika wiki ngumu kuliko zote za mwaka wake wa kwanza, kisha huondoka akieneza habari kwamba mtoto wa fulani analia njaa.

Kipo kilio cha kuogopesha, na hicho nakijua. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, au anayekataa kunyonya, au aliyelegea, au aliyepata degedege, hupelekwa hospitali saa hiyohiyo bila kungoja kuche. Katika wageni wangu wote waliozungumzia njaa, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu homa.

Lililonikasirisha kuliko yote ni maji. Jamaa yangu mmoja, mtu mzima ninayemwita mama, alingoja niingie bafuni kuoga, akampa mtoto maji kwa kijiko. Nilipotoka na kumkuta, nilimwambia kwa adabu, "Mama, naomba usifanye hivyo tena. Nimeelezwa kliniki kwamba asipewe maji mpaka atimize miezi sita." Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimelea wangu wote kwa maji na wote wako hai. Ninyi wa siku hizi mtawaua watoto kwa kiu." Kisha akanuna, na habari iliyoenea katika ukoo ikawa kwamba ninawadharau wakubwa. Kwamba kichanga amenyweshwa kitu kwa siri, pasipo ridhaa ya mama yake, hilo halikumshtua mtu.

Maziwa ya mama, kwa kiasi cha asilimia 87 hivi, ni maji. Kwa hiyo hata siku ya joto kali, mtoto anayenyonya kila anapotaka hupata maji yake humo humo. Tumbo lake ni dogo, na kila kijiko cha maji huchukua nafasi ya maziwa yenye lishe. Figo zake hazijakomaa, haziwezi kuyatoa maji ya ziada upesi, na yakizidi huizimua chumvi iliyomo katika damu mpaka mtoto anaweza kupatwa na degedege. Hapo sijataja vijidudu vya kuharisha. Ndiyo maana mwaka 2001 Baraza la Afya Duniani liliazimia kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. "Peke yake" maana yake ni bila maji pia. Zinazoruhusiwa ni dawa alizoandikiwa mtoto. Na yule mgeni mwingine aliyetaka kumlambisha mwanangu asali ili kutuliza tumbo, ajue kwamba asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo huota ndani ya utumbo wa mtoto aliye chini ya miezi 12 na kutoa sumu inayolegeza misuli, pamoja na ile ya kupumulia. Ugonjwa huo madaktari waliutambua mwaka 1976. Sikumkatalia kwa kiburi. Nilimkatalia kwa sababu ningeweza kumzika mtoto.

Tusisahau pia kwamba hofu hii ya maziwa kutotosha ina watu wanaoneemeka nayo. Mwezi Mei 1981, Baraza hilohilo la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, kwa kura 118 dhidi ya 1, na kura hiyo moja ilikuwa ya Marekani. Kanuni hizo zinakataza kuvitangaza vibadala hivyo kwa umma na kuwagawia kina mama sampuli za bure. Sina neno lolote na mama anayetumia maziwa ya kopo kwa sababu anayahitaji au kwa sababu ameamua hivyo mwenyewe. Huyo naye hutukanwa na watu walewale, kwa maneno mengine. Ugomvi wangu ni na wale wanaofanya kwa ndimi zao, bure na kila siku, kazi ya kumvunja mama moyo ambayo mataifa yalikaa kikao ili kuyazuia makampuni yasiifanye.

Mtoto akinyamaza baada ya kubebwa, mnadhani wanaridhika? Hapo huja hukumu nyingine: "Unamzoeza mikono. Mlaze chini, muache alie, atazoea." Ushauri huo si mpya. Mwanasaikolojia wa Marekani John B. Watson aliwahimiza wazazi mwaka 1928 wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto wao, akiamini kwamba upendo wa namna hiyo huwaharibu. Waliofanya kazi ya kuwachunguza watoto waliona tofauti kabisa. Silvia Bell na Mary Ainsworth walichapisha mwaka 1972 matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto ambao mama zao waliwaitikia upesi walipolia katika miezi ya mwanzo ndio waliolia kidogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza. Mwaka 1986, Urs Hunziker na Ronald Barr waliwaomba baadhi ya wazazi wawabebe vichanga wao kwa muda mrefu zaidi kila siku, hata wakati hawalii, na kufikia wiki ya sita watoto hao walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Kichanga anayetaka kubebwa hana hila wala ujanja. Ametoka mahali alipokuwa akibebwa mchana na usiku, na anaomba kitu pekee anachokijua.

Na kubebwa huko, jamani, ndiyo sehemu tamu ya kazi hii nzima. Uzito wa mtoto aliyelala juu ya kifua chako, pumzi yake inayokwenda haraka kisha ikatulia, utosi wake unaopwita taratibu chini ya nywele laini, vidole vilivyokishika chako hata katika usingizi: mambo haya hayarudi, na miezi yake ni michache. Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni kwamba tabasamu la kwanza la kweli, lile ambalo mtoto hukutazama usoni kisha akakuchekea wewe, huja karibu na wiki ya sita hadi ya nane, yaani wakati uleule ambao kilio kiko juu kabisa. Mama aliyechoka, ambaye jioni nzima amekuwa akibembeleza, hulipata tabasamu hilo asubuhi na kusahau saa zote zilizopita. Ninyi mmemjaza mashaka kiasi kwamba siku hiyo anapolipata tabasamu, anahangaika kukamua maziwa ili apime kama yanatosha. Mnamnyang'anya furaha aliyoilipia kwa mwili wake.

Msidhani kwamba mambo huisha mtoto akikua. Mwanangu mkubwa alipotimiza mwaka akiwa bado anasimama dede na kukaa chini, walisema miguu yake ni mibovu, wakamtajia kila mtoto wanayemjua aliyetembea mapema. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliowafuatilia watoto wenye afya katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kutembea bila kushikwa huweza kuanza wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Wapo hata watoto wazima ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Mwanangu sasa anakimbia. Waliomtangazia ulemavu hawajawahi kurudi kusema neno.

Basi ombi langu, nanyi lichukueni kwa uzito wake. Ukienda kumwona mtoto, nawa mikono kabla ya kumgusa, na usiende kama una mafua. Usimbusu mdomoni. Muulize mama kama amekula, na kama hajala, mshikie mtoto ale. Mchukue mtoto mkubwa umtoe nje acheze, kwa sababu naye ana wivu na huzuni ambayo hakuna mgeni anayeishughulikia. Osha vyombo ulivyovikuta. Kama una wasiwasi wa kweli kuhusu afya ya mtoto, mwite mama kando, mwambie ulichokiona kwa macho yako, na ujitolee kumsindikiza kliniki. Usimpe mtoto chochote mdomoni bila idhini, hata kama wewe ni bibi yake.

Kina mama mlionyamazishwa kwa kuambiwa kwamba mnawadharau wakubwa, andikeni hapa mlichoambiwa na mlichokifanya. Kina baba pia, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa mmekaa palepale wakati mama au dada yenu akiyasema maneno hayo, na mke wenu alikuwa akiwatazama ninyi akingoja mseme kitu.