Naombeni ushauri: tunadai njia ya miguu mtaani kwetu Sinza, barua iko tayari ila nimekwama

Katibu Kamati
Wakuu, habari za leo. Hili jambo linaninyima usingizi. Mtaani kwetu Sinza mtoto hawezi kwenda shule kwa miguu bila kuingia barabarani. Mtaro uko wazi, mifuniko iliibwa kitambo. Ile nafasi kati ya mtaro na lami imeliwa: fremu za maduka zimesogea mbele, kuna miavuli ya mawakala wa pesa, jenereta, bodaboda zimejipanga. Asubuhi watoto wanapita mmoja mmoja juu ya ukingo wa mtaro, mkubwa kamshika mdogo begi kwa nyuma asitumbukie. Mvua ikinyesha wote wako kwenye lami na bajaji.

Wazazi tumeunda kamati, mimi ndiye katibu. Tumeandika barua kwenda TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kupitia kwa mtendaji wa mtaa: hifadhi ya barabara ipimwe, vilivyoingia viondoke, mtaro ufunikwe, tuta liwekwe mbele ya geti la shule. Tumeambatisha orodha ya nyumba zilizoingia, na saini za wakazi zipo. Niipeleke sasa au nisubiri mkutano wa mtaa?

Bikoni
Peleka. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko TARURA, kwa hiyo mlango mmeupata. Na Sinza mna bahati ambayo Manzese hawana: ni viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja na huduma, barabara ziliachiwa nafasi yake. Hamwombi ardhi ya mtu, mnadai iliyokuwepo.

Baba Tabata
Sisi huku tulichangishana tukaweka matuta wenyewe usiku. Fundi kayainua kama kaburi, bajaji zikawa zinakwangua tumbo. Baadaye tukaambiwa tuyavunje, hayana vipimo. Hela imekwenda, na mweka hazina hadi leo hatuelewani naye.

Usiku wa Manane
Sinza kuna watu wanatembea kwa miguu? Labda saa nane usiku wakitoka baa, na hao hata mtaro hawauoni.

Mama Viatu
Nyie mnaosema miavuli iondoke, mnajua mtu anakula wapi? Oktoba 2021 machinga walipoondolewa barabarani nilikuwa napanga viatu Kariakoo. Wateja niliokuwa nao miaka yote waliishia palepale. Njia ya watoto naitaka, na mimi ni mzazi. Ila kwenye hiyo barua andikeni pia hao wa miavuli wakae wapi.

Mwalimu wa Zamu
Ulizieni Amend, shirika la usalama barabarani. Wamefanya kazi kwenye shule za Dar na mwaka 2019 walipata tuzo ya WRI Ross Center kwa kazi hiyo. Si mambo makubwa: njia ya miguu, matuta, kivuko, hata kuhamisha geti la shule litazame barabara tulivu. Muulizeni mwalimu mkuu kuhusu geti, hilo halisubiri mtu abomoe kitu.

Bikoni
Katibu, barua ina saini, ina orodha, wewe mwenyewe ndiye uliyeiandika. Mkono unakuwa mzito kwa nini? Kuna nini kwenye hiyo orodha?

Katibu Kamati
Sawa, niseme. Fremu mbili zilizobana kuliko zote, pale kona ya shule, ni za mama yangu mzazi. Kwenye orodha hazimo.

Kabla hamjanirukia: mama ni mjane. Kodi ya zile fremu ndiyo dawa zake za presha. Nimepanga tuanze na upande wa pili wa barabara, upande wake ufuate baadaye. Sioni ubaya wa kuanza na upande mmoja.

Mzee Magomeni
Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Jirani akijua fremu yake imeandikwa na ya mama yako imerukwa, hiyo kamati imekufa siku hiyohiyo.

Shabiki Kindakindaki
Chai hii, hadithi ya kutunga. Katibu, mjane, presha, fremu iko kona ileile ya shule! ID yenyewe mpya. Weka picha.

Usiku wa Manane
Leteni na vitafunio basi.

Katibu Kamati
Picha siweki, milangoni kuna namba ya simu ya mama. Unayesema chai, njoo uone kibaraza: fundi alikuta bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, akaimwagia zege kuizunguka, kichwa chake kikabaki kimechomoza. Wapangaji huiwekea ndoo ya maji.

Bikoni
Mimi ni mpimaji, na hiyo si chai. Vibaraza vilivyomeza bikoni nimeviona vingi. Sasa sikia, Katibu. Mpimaji akija hasomi orodha yako, anakwenda bikoni kwa bikoni, pande zote mbili. Mama atapata habari kwa alama ya X nyekundu ukutani. Pima mwenyewe kwanza, unyooshe kamba kutoka bikoni hiyo hadi ya jirani. Kama bikoni iko kwenye kibaraza, huenda kilichoingia ni kibaraza tu na vyumba vimesalimika. Akikikata mwenyewe mapema, fremu zinaendelea kulipa.

Katibu Kamati
Kupima nitapima. Kuandika jina lake siahidi.

Mama Viatu
Na wapangaji wake? Umewaambia?

Katibu Kamati
Hapana. Wa saluni amelipa hadi Desemba.

Bikoni
Basi huyo aambiwe kabla barua haijafika kwa mtendaji. Na tepu azima ya mita 30, ya seremala haifiki.