Re: Tuzo za uhandisi wa mifumo ya kibayolojia, mpwa wangu aanzie wapi?

Hamjambo wote. Mpwa wangu amemaliza uhandisi wa kilimo pale Egerton, Njoro. Kwenye tovuti ya chuo kimoja cha Marekani ameona tuzo chungu nzima za idara ya mifumo ya kibayolojia, jina wanaloita uhandisi wa kilimo huko, anataka kuziomba zote ili akasome uzamili. Mambo haya yalinipita kitambo. Aanzie wapi?
Mjomba, Kondele

---

Mjomba, salamu kutoka Iowa.

Hiyo orodha aiweke kando kwanza. Tuzo nyingi za namna hiyo hupewa waliokwisha kusajiliwa katika idara, na nyingine ni za shahada ya kwanza tu. Zinasaidia vitabu na kodi ya nyumba. Kumtoa mtu Njoro haziwezi.

Kwenye uzamili, pesa ziko kwa profesa. Ukiajiriwa msaidizi wa utafiti, mara nyingi karo inalipwa na unapata posho ya kila mwezi kwa kazi ya kama saa 20 kwa wiki. Felo naye, yaani aliyepewa pesa za kusoma tu, halazimiki kufanya kazi hiyo, lakini nafasi hizo ni chache, na mara nyingi idara ndiyo inayokupendekeza. Kwa hivyo aandikie maprofesa, tena kabla ya Desemba ikiwa anataka kuanza Agosti.

Barua ndiyo shughuli. Mimi niliandika karibu arobaini, zote zikianza na "mimi ni mwanafunzi mwenye bidii". Kimya. Halafu nikamwandikia mtu wa ukaushaji wa nafaka, nikamweleza mahindi ya kwetu Molo: mvua inawakuta watu wakivuna, wanayatia guniani kabla hayajashuka hadi unyevu wa asilimia 13.5, na uvundo unaanzia katikati ya gunia. Nikaambatisha jedwali la vipimo vyangu, la aibu kidogo, nimelichora kwa rula. Alijibu siku hiyo hiyo akiuliza nilitumia kipimo gani.

Sasa hesabu ambayo hakuna aliyeniambia. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, ya viza ni 185, na nauli juu yake. Posho ya kwanza niliipata mwisho wa Septemba, nami nilitua Agosti. Nilikula maharagwe ya mkebe hadi nikayachukia. Akipata ufelo, ajue kwamba kinachozidi karo na vitabu kinatozwa kodi. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, kwa kawaida hukatwa asilimia 14, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia.

Koti la baridi atafute sokoni Kibuye, hapo Kisumu, asingoje bei za huku.

---

Naongezea moja tu. Akienda na Fulbright, ule ufadhili wa serikali ya Marekani, atapewa viza ya J-1, ya mabadilishano, na hiyo inamdai arudi nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Mimi sikulalamika, lakini nilikuwa nimeshajua kabla ya kutia sahihi. Ujerumani kuna DAAD pia, shirika lao la ufadhili wa masomo.
Dada wa Kakamega, sasa Bonn

---

Asanteni sana. Kumbe kijana mradi wake wa mwisho ulikuwa kupima maji yanayopotea kwenye mifereji ya mpunga kule Ahero, na kwenye barua hakuutaja hata kwa neno moja! Alidhani ni mambo ya shamba tu. Tumekaa hadi saa sita usiku tukiiandika upya.

Koti analo, la babu yake.
Mjomba