Mdogo wangu ameruhusiwa kutoka wodini, lakini dawa zimeleta ugomvi nyumbani

Dada wa Mbagala
Ndugu zangu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 24, aliruhusiwa kutoka wodi ya magonjwa ya akili miezi minne iliyopita, baada ya kugundulika kuwa ana skizofrenia. Sauti zilizokuwa zikimwamuru atoke nje usiku zimekoma, nasi tunamshukuru Mungu, ila sasa analala hadi saa sita mchana, haogi mpaka ahimizwe, na akiulizwa jambo hujibu neno moja. Baba anasema huo ni uvivu uliopata kisingizio. Juzi nilikuta vidonge vya wiki nzima chini ya godoro lake, na tangu hapo nyumbani hapakaliki. Je, nimsimamie ameze mbele yangu, au kuna njia nyingine?

Muuguzi Mstaafu, Temeke
Pole sana, dada. Kabla ya kumsimamia, muulize kwa upole dawa inamfanyia nini mwilini. Haloperidoli, ambayo wagonjwa wengi hupewa, inaweza kukakamaza misuli, kutetemesha mikono na kumfanya mtu ashindwe kutulia mahali pamoja, na asiyeweza kulieleza hilo huona nafuu yake ni kuificha. Nendeni naye kliniki, na hivyo vidonge mvibebe bila aibu: daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kumweka kwenye sindano ya kila mwezi, ambayo huondoa mvutano wa kumeza kila siku. Asiache tu kwa kuwa sauti zimekoma, maana ndipo ugonjwa hurudi.

Huo mnaouita uvivu, kwa sehemu kubwa, ni ugonjwa wenyewe. Sauti huitikia dawa mapema, lakini kukosa hamu na ukimya hukawia, na usingizi mwingine ni wa dawa. Watafiti wa London, akiwamo George Brown, walioanza kulichunguza jambo hili miaka ya 1950, waliona kwamba wagonjwa waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi walizidiwa tena mara nyingi zaidi. Simsemi baba vibaya. Malezi hayaleti skizofrenia.

Mama wa Watatu, Kigogo
Mwanangu naye anaugua hivyo. Kwa mwaka mzima kazi yake ilikuwa moja tu: kufuata maandazi saa moja asubuhi. Siku ya kwanza alirudi na chenji pungufu, sikusema kitu. Sasa humsaidia mjomba wake dukani nusu siku. Sheikh wetu aliendelea kumsomea dua, nami sikuona ubaya, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akimuuliza kwanza kama amekunywa dawa.

Mwaka wa Sita, Ilala
Katika nyumba yetu mgonjwa ni mimi. Niliacha kuficha vidonge siku dada yangu alipoacha kuvihesabu mbele ya wageni. Nikiwa nimetulia, tulikaa tukaandika nyuma ya daftari la kliniki dalili zangu za hatari: nikikosa usingizi siku mbili mfululizo, au nikianza kuzima redio kwa kudhani inanisema, ananipeleka hospitali, wala sibishi, maana niliridhia mwenyewe.

Dada wa Mbagala
Nimemuuliza usiku huu. Anasema akimeza taya hukaza, na ulimi huwa mzito hata kuzungumza. Jumatatu tunakwenda kliniki. Baba bado hajasema kama atakuja.