Naomba ushauri: kutafuta ukoo kwenye orodha ya Dawes, Oklahoma

Wakuu, habari za saa hizi. Mke wangu ni Mmarekani. Upande wa mama yake ni kizazi cha watumwa walioachwa huru katika taifa la Creek (kabila la wenyeji asilia wa Marekani). Kadi ya bibi mzaa bibi yake tumeipata kwenye orodha ya Dawes (serikali ya Marekani iliwaandikisha humo watu wa Creek na mataifa mengine ya wenyeji), kundi la walioachwa huru. Jina la aliyemmiliki limo, naye Mcreek (kumbe si Wazungu peke yao). Kurudi nyuma ndipo tumekwama. Orodha ya Dunn ya 1867 (ya walioachwa huru wa Creek) ina watu kadhaa wa jina la bibi huyo, na sensa ya watumwa ya 1860 inataja wamiliki tu. Watumwa hawana majina, ni umri na jinsia. Nianze na mahojiano yaliyo kwenye jalada la maombi yake ya kuandikishwa Dawes, au nifuate ukoo wa mmiliki? Mwenye uzoefu anielekeze.